Cheti cha Bi Hava

Karatasi ilibandikwa Jumatano asubuhi kwenye ukuta wa duka la maziwa, na Sanije aliiona akiwa na chupa mbili tupu mkononi. Ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu, herufi kubwa za kutosha kusomwa na bibi aliyesahau miwani nyumbani. Karatasi za radi, ndivyo zilivyoitwa. Mtu alishtakiwa ukutani mbele ya mtaa mzima, akapewa siku tatu za kujibu papo hapo ukutani kwa karatasi yake mwenyewe. Asiyejibu alihesabiwa kuwa amekiri. Aliyejibu kwa kujitetea alihesabiwa kuwa na kiburi, na kiburi kilikuwa kibaya kuliko kosa lenyewe.

"TUNAMWULIZA NDUGU RAKIP ZHULATI, MWENYEKITI WA HALMASHAURI YA WILAYA," karatasi ilisema. "Mama yake alikwenda kufanya nini Jumapili katika nyumba ya adui wa umma Selfo Bardhi? Alikunywa kahawa ya nani? Alimlilia nani?" Chini yake palikuwa na sahihi: Wanawake wa Mtaa wa Nne.

Sanije alikuwa mkazi wa Mtaa wa Nne, na mke wa Rakip Zhulati. Hakuna aliyemwuliza kama anataka kutia sahihi.

Siku nyingine zote, alipofika kwenye foleni, akina mama walimpisha. "Pita, Ndugu Sanije, pita mbele, sisi hatuna haraka." Naye alipita, akijitia kuona haya. Asubuhi ile hakuna aliyesogea. Walikuwa wanayatazama masanduku ya maziwa kwa makini kama watu wanaojifunza kitu. Akasubiri zamu yake, na zamu yake ilipofika, Olga muuza maziwa akafuta mikono kwenye aproni.

"Yamekwisha."

"Na hayo nyuma yako?"

"Hayo ya wenye watoto wachanga."

"Jana sikuwa na mtoto mchanga, na ulinipa mbili."

"Jana ilikuwa jana, Ndugu Sanije," Olga alisema, na hakusema kwa ubaya. Alisema kwa woga. Alirudi nyumbani na chupa zake tupu, zikigongana njia nzima.

Nyumbani, mama mkwe wake alikuwa anasukuma unga juu ya ile meza fupi ya mviringo, kwa kifimbo chembamba kirefu kama fimbo ya mchungaji. Bi Hava alikuwa na miaka sabini na sita, na chapati zake za kutengenezea pai ya mboga zilitoka nyembamba hata ungesomea gazeti nyuma yake.

"Wamebandika?" aliuliza bila kuinua uso.

"Nani amekwambia?"

"Chupa zako. Wameandika vizuri?"

"Mama, hili si la mzaha! Kwa nini ulikwenda? Ulituambia unakwenda kwa mpwa wako."

"Ningewaambia nakwenda kwa Selfo mngeniruhusu?"

Sanije aliziweka chupa mlangoni. Jumapili ile Bi Hava alikuwa amepanda lori la jibini hadi kijiji cha kule kwenye majaruba ya mpunga, kilomita arobaini, mahali walikopelekwa watu wasiotakiwa mjini. Selfo Bardhi alikuwa amepelekwa huko na mkewe na binti yake miaka miwili iliyopita. Kabla ya hapo alikuwa mkurugenzi wa shamba la serikali, na kabla ya hapo alikuwa mpiganaji milimani, kikosi kimoja na Rakip, blanketi moja na Rakip.

Na mkono wa kwanza kuinuka siku Selfo alipofukuzwa Chamani ulikuwa wa Rakip. Hilo mji mzima ulilijua.

*

Rakip alirudi saa nne asubuhi, kwa miguu.

"Gari liko wapi?" Sanije aliuliza.

"Dereva ana homa."

Dereva walimwona wote dirishani, anaosha lile gari mbele ya jengo la halmashauri upande wa pili wa uwanja, anapiga mluzi. Sanije akavuta pazia. Mumewe alikaa, akavua kofia, akaiweka gotini. Kazi ya kuta aliijua kuliko mtu yeyote wilayani. Karatasi kama ile aliwahi kuandika zaidi ya ishirini, na kujibu mbili, na majibu yake yote mawili yalisifiwa mpaka makao makuu. Alijua mahali pa kulaumu ujana wake, mahali pa kulaumu kazi nyingi, na mahali pa kunukuu. Ndiyo maana alikuwa amedumu. Wenzake aliokuja nao mjini mwaka wa arobaini na nne, wakiwa na bunduki na chawa, wengi walikuwa kwenye majaruba.

"Piro ametoa masharti," alisema. Piro Kondi alikuwa katibu wa pili wa Chama, kijana wa kizazi kilichosomea nje, na kiti cha Rakip alikwisha kukipima kwa macho. "Jumamosi saa kumi na moja, mkutano wa mtaa. Mimi nitasoma jibu langu. Kisha Mama asimame, aseme amekosea. Aseme Selfo alikuwa adui na kifo chake hakistahili chozi. Dakika mbili, basi, tumemaliza."

Bi Hava aliendelea kusukuma unga.

"Mama, umenisikia?"

"Nimekusikia. Mwaka ule alikubeba mgongoni kutoka mtoni, una risasi pajani, unanuka kama beberu. Akakulaza pale, chini ya dirisha. Nikamwambia, kula, mwanangu. Akasema, kwanza ale huyu. Alikaa kwenye ghala langu siku arobaini, na Wajerumani wanapita hapo nje. Sasa amekufa. Mtu akifa watu huenda, hunywa ile kahawa chungu, husema mbaki salama, huondoka. Nimekwenda, nimekunywa, nimesema, nimeondoka. Kosa liko wapi?"

"Kosa ni kwamba Chama..."

"Chama kilikuwepo matangani? Sikukiona." Aliweka kifimbo chini. "Alikuwepo mjane wake Nurije, na binti yao, na mbwa. Siku ya pili ya msiba, Rakip, na mkebe wa kahawa ulikuwa haujafunguliwa! Nurije aliponipa kikombe alimwaga nusu. Nikanywa iliyobaki. Sasa unataka niitapike mbele za watu?"

Kwetu kahawa ya msiba ilikuwa na uzito wake. Dini ilikwisha kufungiwa milango, mashekhe na mapadri walikuwa wanapakia tofali kama watu wengine, lakini kahawa ile ilibaki. Ukishainywa umemtambua marehemu. Huwezi tena kumsema vibaya, maana ameingia kinywani mwako. Rakip naye alilijua hilo. Hakuwa amefika kwa Selfo, na sababu moja ilikuwa hiyohiyo.

"Jumatatu orodha ya watakaosoma chuo kikuu inakwenda Tirana, wizarani," alisema, sauti imeshuka. "Mjukuu wako Lumturi yumo. Udaktari. Nikianguka Jumamosi, anafutwa Jumatatu. Mimi ndiye ninayeshika kalamu hiyo, Mama, najua jinsi inavyofuta. Mwaka jana nimemfuta msichana mwenye alama kumi kwa kumi, kwa sababu ya mjomba."

Bi Hava alikuwa amekishika tena kifimbo, na hapo ndipo kilipoyumba, na chapati ikachanika katikati. Sanije aliona. Maisha yake yote ya ndoa hakuwahi kuona chapati ya mama mkwe wake inachanika.

*

Lumturi alirudi kutoka shule saa saba na nusu, akaweka begi mlangoni, akanawa mikono kwa muda mrefu mno. Alikuwa na miaka kumi na minane na tabia ya baba yake ya kusema mambo mabaya kwa sauti ya kawaida.

"Wamechukua bendera," alisema. "Nilikuwa niibebe mimi Jumapili kwenye gwaride. Mwalimu amesema mabega yangu yamechoka."

"Na wewe ukasema nini?" mama yake aliuliza.

"Nikasema kweli, yamechoka."

Bi Hava alimkatia kipande kikubwa cha pai, cha pembeni, kilichokauka vizuri. Alimsubiri amalize kula. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Nitakuja Jumamosi. Nitakaa mbele, mnione. Watukane wanavyotaka, nitanyamaza. Lakini kumkana Selfo siwezi, Rakip. Ulimi hautatoka."

"Kunyamaza ni kiburi!" Rakip alisimama, kofia ikaanguka. "Hujui watu hawa! Angalau ungekuwa mwendawazimu ningejua la kuwaambia!"

Alitoka, mlango ukagonga. Alikuwa amesema kwa hasira tu, kama mtu anavyosema ningekuwa ndege. Lakini Sanije, aliyekuwa anaokota kofia, alibaki ameinama pale kwa muda, neno lile limemnasa.

*

Daktari Vangjel alimpokea Sanije Alhamisi, baada ya kuwatoa wagonjwa wengine wawili waliotangulia. Baba yake daktari alikuwa na duka la vitambaa wakati wa mfalme, na kosa hilo la baba alilibeba kila mahali, akiongea taratibu na kuchagua maneno.

"Anasahau?" aliuliza.

"Wakati mwingine."

"Anasahau nini, Ndugu Sanije?"

Sanije alifikiri. Bi Hava alikuwa hasahau kitu. Alijua siku ya kuzaliwa ya kila mtu mtaani, na kama siku hiyo kulikuwa na theluji.

"Anasahau kwamba mambo yamebadilika."

Daktari alimtazama kwa mara ya kwanza usoni. "Huo si ugonjwa."

"Unaandikwaje?"

Alicheza na kalamu. Nje mtu alikuwa anakohoa. "Bi Hava ndiye aliyenikata kitovu," alisema. "Mama yangu aliniambia. Ilikuwa usiku, na hakuna aliyetaka kuja kwetu hata wakati ule. Mwenyekiti anajua umekuja?"

"Anajua," Sanije alidanganya.

Daktari akaandika. Mistari minne: kudhoofika kwa ubongo kwa sababu ya uzee, kupotewa na wakati na mahali, hawezi kuwajibika kwa matendo yake. Akagonga muhuri, kisha akaushika ule mkono uliogonga kwa mkono wake mwingine.

Jioni ile Rakip alisoma cheti mara mbili. Sanije alimsubiri akasirike. Alikuwa amejiandaa, angalau alitumaini mumewe atasema, hapana, huyu ni mama yangu. Kama angesema hivyo, Sanije angekichana mwenyewe na kushukuru. Lakini Rakip alikisogeza kwenye taa na kukitazama kama anavyotazama nyaraka za ofisini.

"Tarehe ni mbaya," alisema.

"Vipi?"

"Ni ya leo. Mtu haugui kuanzia leo kosa alilofanya Jumapili. Iwe ya mwezi uliopita. Rudi kesho."

Akarudi Ijumaa. Daktari aliandika upya bila kuuliza. Sanije alimshukuru, naye akajibu kwa kutikisa kichwa. Njiani kurudi, Sanije aliona aibu iliyompanda hadi masikioni, akatembea upande wa barabara usio na watu.

Yeye na Rakip walikubaliana wasimwambie Bi Hava. Akijua atakataa, Rakip alisema. Na Sanije, Mungu amsamehe, alikubali.

*

Ukumbi wa mtaa ulikuwa umejaa hata kwenye madirisha. Watu waliokuwa hawana habari na mikutano ya mtaa walikuja wote, kwa sababu si kila wiki mwenyekiti wa wilaya huvuliwa nguo hadharani. Bi Hava alikaa safu ya mbele, kilemba cheupe, mikono juu ya magoti. Sanije alikaa kando yake. Lumturi alisimama ukutani na vijana wenzake, na kati yake na mwenzake wa karibu palikuwa na nafasi ya watu wawili. Daktari Vangjel alikuwa safu ya tatu, amelowa jasho.

Rakip alisoma vizuri. Tuseme ukweli, alikuwa na sauti. Alijilaumu kwa kukosa umakini nyumbani kwake huku akiwa makini nyumbani kwa wengine, na watu wakaguna kwa kuridhika. Aliwashukuru wanawake wa Mtaa wa Nne kwa upendo wao mkali. Kisha akasita, sauti ikakwama kidogo, na hakuna mtu duniani angeweza kusema kama ilikwama yenyewe au aliikwamisha.

"Ndugu zangu, lipo jambo ambalo kama mtoto nililificha kwa aibu. Mama yangu ni mgonjwa. Ana cheti cha tangu mwezi uliopita. Ubongo wake umedhoofika. Hajui ni mwaka gani. Hajui aliko. Alikwenda kule kama mtoto mdogo anavyopotea sokoni."

Sanije hakuthubutu kugeuza shingo. Aliona tu mikono ya Bi Hava juu ya magoti, na ile mikono haikusogea hata kidogo. Hakukuwa na mtu mle ndani ambaye hakuwahi kuzalishiwa mkewe, au kuoshewa maiti wake, au kutukanwa kwa mapenzi na bibi yule. Wote walijua. Walikuwa wanasubiri tu kuambiwa wajue nini.

Piro Kondi alikipokea cheti, akakisoma, akatabasamu.

"Cheti ni cheti," alisema. "Lakini mgonjwa tunaye hapa, kwa bahati nzuri. Tumwulize wenyewe. Bibi, simama. Unajua uko wapi?"

Bi Hava alisimama taratibu. Sanije alihesabu kichwani waliokuwa wamening'inia kwenye jibu lile: mumewe, daktari, yeye mwenyewe, na yule pale ukutani aliyenyooka kama mshumaa. Bi Hava naye alikuwa anatazama. Alimtazama daktari. Alimtazama Lumturi, na hapo akakaa muda. Mwisho akamtazama Sanije, na Sanije akainamisha uso, akawa amekiri kila kitu.

"Watu wengi hivi," Bi Hava alisema, kwa sauti nyepesi ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Mmeshuka kutoka milimani? Njooni, njooni. Nimeweka maharage."

Mtu mmoja alicheka nyuma, akanyamazishwa.

"Ni mwaka gani huu, Bibi?"

"Mwaka wa baridi kali, mwanangu, huoni? Vaa kitu kifuani. Selfo yuko wapi?"

Piro alikunja uso. "Selfo gani?"

"Selfo! Mnaye Selfo mmoja tu. Amekwenda kumtafuta mwanangu. Aliniapia hatarudi bila yeye, na Selfo akisema kitu anakifanya. Kijana yule! Hana shati la pili, lakini kipande chake cha mkate anakigawa. Mkimwona mwambieni nimemwekea sahani. Mwambieni hapa ni kwao."

Miaka miwili jina lile lilikuwa halijatajwa ndani ya ukumbi ule bila neno adui mbele yake. Karani alikuwa ameacha kuandika, kalamu hewani. Mzee mmoja wa kikosi, safu ya pili, alikuwa anafuta macho na kusingizia moshi wa sigara. Na hakuna aliyeweza kumzuia Bi Hava, kwa sababu cheti chenye muhuri kilikuwa mezani.

"Usiandike hayo," Piro alimwambia karani kwa ukali. Kisha, kama mtu anayecheza karata ya mwisho, akanyoosha kidole. "Na huyu, Bibi? Huyu ni nani?"

Bi Hava alipiga hatua tatu hadi mbele ya Rakip. Alishika kola ya koti lake, akapapasa kitambaa kwa vidole viwili kama anayenunua. Alimtazama kwa utaratibu, macho, kidevu, nywele zilizoanza mvi.

"Suti nzuri," alisema. "Huyu simjui. Ni mgeni wa serikali?"

*

Rakip alipewa onyo dogo, la kuandikwa tu. Jumapili Lumturi alibeba bendera. Mabega yake yalikuwa yamepona. Jumatatu orodha ilikwenda Tirana na jina lake likiwemo, na Jumanne Olga alimpa Sanije chupa mbili bila kuulizwa.

Siku ile ya mkutano, walipofika nyumbani, Sanije alimfuata mama mkwe wake jikoni, akapiga magoti kwenye sakafu ya mawe.

"Ni mimi, Mama. Mimi ndiye niliyekwenda kwa daktari."

"Najua. Rakip hajui hata mlango wa zahanati uko upande gani." Bi Hava alikuwa anavua kilemba, sauti yake imerudi ileile ya zamani, nzito kidogo. "Inuka, utapata baridi ya magoti. Ulikuwa unamtazama mwanao. Mimi mwenyewe wakati ule wa vita ningeuza mtaa mzima kwa ajili ya wangu. Udaktari ni miaka mingapi?"

"Mitano. Wakati mwingine sita."

"Basi nitakuwa mwendawazimu miaka sita. Tuombe nifike."

Haikuwa rahisi kama alivyoisema. Watu walianza kuongea naye kwa kelele, neno moja moja, kama kiziwi. Olga alimpapasa kichwa. Mke wa jirani aliposhikwa na uchungu wakamwita mkunga wa hospitali, mtoto wa kike wa miaka ishirini na mbili, na Bi Hava akasimama dirishani na mikono yake imekunjwa, akisikiliza anavyokosea kumwelekeza mzazi. Alilia siku hiyo. Sanije hakumwona akilia hata alipofiwa na mume. Mbele ya wageni ilimbidi akosee majina, na jioni, wakiwa wenyewe na Lumturi, aliyarudia yote kwa usahihi, mmoja baada ya mwingine, na siku zao za kuzaliwa.

Lakini ilikuwa hivyo kwa Sanije na Lumturi peke yao. Rakip alipoingia tu mlangoni, bibi yule alinyanyuka, akanyoosha nguo yake, na kusema, "Karibu, bwana. Kaa. Sanije, mgeni apewe kahawa."

Mara ya kwanza Rakip alicheka. "Tuko wenyewe, Mama. Imekwisha."

"Unatoka mbali?" aliulizwa.

Wiki ya pili alikasirika. Wiki ya tano alimletea kitambaa cha Uchina, na Bi Hava alimshukuru kwa adabu zote na kumwuliza anamdai kiasi gani. Rakip alimsihi Sanije azungumze naye. Sanije alizungumza.

"Wewe ulikwenda kuchukua karatasi," Bi Hava alimjibu, akichambua mchele. "Yeye alisimama akaisoma. Mtu mzima, na sauti nzuri hivyo."

*

Mwezi Septemba barua mbili zilifika juma moja. Ya kwanza ilisema Lumturi amekubaliwa. Ya pili ilimwita Rakip Tirana, kuwa naibu waziri. Namna alivyoikabili ile karatasi ya radi, ilisemekana, ilipendwa juu. Gari lilikuwa linasubiri nje mchana ule, na vitu vimekwisha kufungwa, na Bi Hava alikuwa amekaa kwenye kochi lake chini ya dirisha na hakufunga chochote.

"Mimi sitoki na mwanamume nisiyemjua," alikuwa amesema.

Rakip alivuta kile kigoda cha jikoni, akakaa mbele yake, magoti yamepanda kifuani. Alimwashiria Sanije abaki. Alionekana amechoka kuliko siku zote za ile karatasi.

"Basi nitakwambia mimi ni nani," alisema.

Na kwa kuwa njia moja tu ndiyo aliyokuwa nayo ya kusema yeye ni nani, akaisema kama ilivyo kwenye faili. Rakip Zhulati, wa Mersin na Hava, alizaliwa mwaka wa ishirini na sita, familia maskini ya wakulima. Mjumbe wa wapiganaji akiwa na miaka kumi na sita. Mwanachama tangu arobaini na tatu. Alijeruhiwa pajani, arobaini na nne, akaokolewa na wenzake. Katibu wa vijana. Shule ya Chama, alama bora. Naibu mwenyekiti, mwenyekiti, mjumbe wa Bunge vipindi vitatu, nishani mbili. Alisema yote, na kadiri alivyosema ndivyo sauti yake ilivyozidi kuwa ndogo, mpaka ikawa si ya mikutano tena. Sanije hakuwahi kuisikia sauti ile. Moyo ulimwuma kwa ajili yake.

Bi Hava alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameegemea mbele, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Pale ulipojeruhiwa," alisema taratibu. "Uliokolewa na nani?"

"Na wenzangu."

"Mwenzako gani, mwanangu?"

Mwanangu. Alikuwa hajalitamka neno lile mbele yake kwa miezi mitatu. Rakip alilisikia, midomo yake ilifunguka. Dirisha lilikuwa wazi, na chini yake dereva mpya, aliyetumwa kutoka Tirana, alikuwa ameegemea gari anavuta sigara. Rakip alilitazama dirisha. Lilikuwa hatua mbili tu. Angeweza kuinuka akalifunga. Au angeweza kulisema hivyohivyo, kwa kunong'ona, jina la herufi tano.

"Wenzangu tu," alisema. "Kikosi."

Bi Hava alirudi nyuma kwenye kochi lake. Alifuta macho kwa ncha ya kilemba, akakunja mikono, na uso wake ukawa tena ule wa kupokelea wageni.

"Umefika mbali, bwana," alisema. "Mama yako yu hai bado?"

Rakip aligeuka kumtazama Sanije, kama alivyozoea kumgeukia anapopungukiwa na neno, na Sanije, kwa mara ya kwanza tangu waoane, hakumtafutia.